Tamthilia Unayoipenda Ikianza Kupwaya

Mamangu anaishi Runyenjes, kaunti ya Embu, na jioni hukaa mbele ya runinga na ungo wa maharagwe mabichi mapajani. Hupukuchua huku akitazama. Nilichukua muda kutambua kwamba ungo ule ni kipimo. Tamthilia ikiwa moto, kipindi huisha angali ameshika ganda lilelile aliloanza nalo. Basi kuna mwaka ambapo ile aliyoipenda kuliko zote ilianza kuzunguka palepale: siri iliyofichuka Jumatatu inafichuka tena Alhamisi, aliyezikwa anarudi, harusi inaahirishwa mara ya tatu. Mama hakulalamika. Ila sufuria ya maharagwe ilikuwa inajaa kabla ya matangazo ya pili ya biashara.

Nimewasikia wengi, kuanzia Embu mjini hadi Maua, wakieleza uchungu huu kwa aibu, kana kwamba ni utoto. Si utoto. Mtu aliyekaa na wahusika siku tano kwa wiki amekula nao chajio mwaka mzima. Wakiharibiwa, lazima aumie.

Kabla ya kukata tamaa, hakikisha ni tamthilia iliyochoka, si wewe. Tamthilia ya kila siku ya juma, Jumatatu hadi Ijumaa, ni vipindi 260 kwa mwaka. Country Queen, iliyoingia Netflix Julai 2022, ilikuwa na vipindi 6 tu. Anayeandika 260 atateleza mahali, na ni haki kumvumilia. Ipe wiki mbili. Huku kwetu kwenye miteremko ya Mlima Kenya tuna mtihani tusiohitaji kuuandaa: mvua ikinyesha, stima hupotea. Ikipotea saa ya tamthilia yako, je, asubuhi yake ulimuuliza jirani kilichotokea? Ikiwa ulipita mlangoni kwake mara tatu na hukukumbuka kuuliza, jibu unalo.

Kisha tafuta chanzo, kwa sababu si kila kupwaya ni uzembe. Papa Shirandula kilifika mwisho baada ya mwigizaji wake mkuu, Charles Bukeko, kufariki tarehe 18 Julai 2020. Pale hapakuwa na wa kulaumiwa, palikuwa na msiba. Tahidi High, kilichoanza kwenye runinga ya Citizen mwaka wa 2006, kilikuwa kipindi cha shule, na wanafunzi hawawezi kukaa darasani milele. Sisi tuliokulia kwa kizazi cha kwanza tuliona sura mpya tukazikataa kabla hazijafungua mdomo. Leo nakiri kwamba tuliwaonea vijana wale. Lakini pale ambapo waigizaji ni walewale, mandhari ni yaleyale, na hadithi ndiyo inayokamuliwa kama ndimu ili nafasi ya matangazo ijae, una haki ya kuondoka.

Kuondoka nako kuna namna yake, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanaacha kwa hasira katikati ya upuzi, na upuzi huo ndio unaobaki akilini, ukifunika miezi yote mizuri. Usifanye hivyo. Rudi nyuma kwa mawazo hadi usiku wa mwisho uliokushika kweli, ukasahau chai ikapoa. Amua kwamba hapo ndipo hadithi ilipoisha. Mama alichagua usiku ambao binti wa tamthilia alirudi kwa babake akiwa na begi moja, mzee akamfungulia mlango bila kuuliza neno. Yaliyofuata hayahesabiwi. Akiwasimulia wajukuu, anaishia mlangoni hapo, nao hukaa kimya kidogo kabla ya kuuliza maswali. Tamthilia yake imebaki nzima.

Nyumba nyingi zina runinga moja, kwa hiyo usiwaharibie wengine. Kama mama mkwe au shemeji bado anaifurahia, usimcheke wala usishike rimoti. Sema tu, "Mama, leo nitakuwa jikoni, utanisimulia." Mara nyingi masimulizi yake yatakuwa bora kuliko kipindi chenyewe.

Ukitaka kulalamika, lalamika mapema. Game of Thrones ilipoisha Mei 2019, zaidi ya watu milioni moja walitia sahihi ombi kwamba msimu wa mwisho urekodiwe upya. Haukurekodiwa. Tamthilia zetu za kila siku hurekodiwa huku zikiendelea kuonyeshwa, na hiyo ni nafasi ambayo mashabiki wale hawakuwa nayo. Andikia kituo sasa. Taja tukio lenyewe, eleza lilikupoteza wapi, na utaje pia kilichokuwa kizuri. Tafadhali, usimtukane mwigizaji. Yeye husema maneno aliyoandikiwa na mtu mwingine, na kesho utakutana naye kwenye matatu.

Hatimaye, fuata watu, usifuate jina la kipindi. Abel Mutua, Freddie wa Tahidi High, alikuwa pia miongoni mwa waandishi wake, na leo anasimulia hadithi zake mwenyewe zinazosikilizwa kote nchini. Sarah Hassan, Tanya wa enzi hizo, aliendelea na kazi nyingine nyingi. Vipaji vipya navyo haviko mbali: tamasha la kitaifa la maigizo ya shule na vyuo lilikuja Embu Aprili 2024. Kura za tuzo za Kalasha zikifunguliwa, mpigie mwandishi au mwigizaji aliyekushika, hata kama kipindi chake hakina kelele. Na ile nusu saa iliyobaki wazi, ijaze upesi, la sivyo utarudi pale kwa mazoea. Meru kuna Weru TV kwa Kimeru. Embu kuna Wimwaro FM.

Mama alikaa na redio miezi kadhaa. Mwezi uliopita akaanza tamthilia nyingine, nami nilipomtembelea Jumamosi nikakuta ungo wa maharagwe ya Ijumaa mezani, hayajapukuchuliwa hata nusu.