SOMO: NYUMBA MPYA NA AFYA YA JAMAA

Paa likiisha kuezekwa watu hufurahi, wakataka kuhamia siku ile ile. Lakini nyumba haijaisha. Ninyi mnaojenga huko Buluo, katika Likasi, malizeni kazi hizi wakati wa kiangazi, mvua zisije zikawakuta. Kila mtu wa jamaa awe na kazi yake.

1. Baba na mama wazibe nyufa zote za ukuta na sakafu. Papasi hujificha humo mchana, na usiku hutoka kuuma wanaolala. Huleta homa inayoondoka na kurudi tena, nayo ni hatari sana kwa mwanamke mwenye mimba. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

2. Kuta zipakwe chokaa. Watoto wadogo wakae mbali inapochanganywa, maana huunguza macho. Ikimwingia mtu jichoni, lioshwe mara moja kwa maji mengi safi, kisha apelekwe hospitali.

3. Vijana wafukie shimo lililotoa udongo wa matofali. Maji yakituama humo, mbu wa malaria huzaliana.

4. Choo kiwe mbali na kisima, hatua 40 au zaidi, tena upande wa chini.

5. Watoto wakubwa wanyunyize maji kabla ya kufagia, vumbi lisiingie kifuani.

Mwisho, tungikeni vyandarua. Ndipo mlale.

Maulizo: Papasi hukaa wapi mchana? Katika nyumba yako, ni kazi gani haijaisha? Nani ataifanya?