Simu ya Kuazima, Siri Yako

Umeazima simu ya kaka. Unatafuta: "kuwashwa sehemu za siri, dawa gani?" Kesho yake kaka anaandika herufi mbili tu, swali lako linatokea lenyewe! Utaficha wapi uso?

Kwa nini? Simu hutunza historia ya kurasa ulizofungua. Pia kuna vidakuzi, vijifaili vilivyobuniwa na Lou Montulli mwaka 1994. Tovuti huviacha kwenye simu ili ikutambue ukirudi. Vingine ni vya watangazaji, vinakufuata tovuti hadi tovuti.

Ukitumia Chrome, fanya hivi:

1. Gusa nukta tatu, fungua kichupo fiche, ndipo utafute. Ukimaliza kifunge, historia na vidakuzi vyake vinafutika.

2. Umesahau? Nenda kwenye historia, ufute ya saa moja iliyopita tu. Usimfutie kaka yake yote!

3. Uliingia kwenye akaunti yako? Toka.

Lakini angalia: kichupo fiche hakimzuii mwenye mtandao kuona tovuti ulizotembelea.

Na kuwashwa je? Simu haipimi, rafiki. Usinunue dawa kwa kubahatisha. Nenda kituo cha afya ukapimwe. Mhudumu anapaswa kutunza siri yako.