Deni la Edmund

Na tuitazame hadithi ya watoto ya C. S. Lewis, iliyotolewa mwaka 1950. Watoto wanne waingia katika kabati la nguo, wakatokea Narnia, nchi ya theluji. Mmoja wao, Edmund, akala halua ya uchawi aliyopewa na malkia mwovu, kisha akawasaliti ndugu zake. Kwa sheria ya nchi ile damu ya kila msaliti ni haki ya malkia. Simba Aslan akajitoa kufa mahali pake.

Je, mtoto aliyelogwa kwa chakula adaiwe uhai wake? Neno hili ni gumu. Tena Peter, ndugu yake mkubwa, akiri kwamba hasira yake mwenyewe ilisaidia kumpoteza Edmund. Naye hadaiwi kitu.

Baada ya vita Lucy amnong'oneza dada yake Susan: Je, Edmund ajua alivyokombolewa? Susan hataki aambiwe, asije akaumia mno. Sisi twaona Lucy ananena haki, maana Edmund atashukuruje asichokijua? Lakini maneno yao yalikatizwa, wala mahali pale hatusomi kwamba aliambiwa.