Kufundisha Ung'arishaji wa Rangi ya Gari Kuukuu kwa Mashine: Somo la Kujua pa Kukomea

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu wa ufundi kuandaa somo la kung'arisha rangi ya gari kuukuu kwa kutumia mashine. Somo hili linafaa katika vyuo vya ufundi stadi, katika vyuo vya maendeleo ya wananchi, na katika shule za sekondari zilizoanza kufundisha mkondo wa amali kuanzia mwaka 2024. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, kazi yenyewe ipo tele katika gereji za Mwanza na miji mingine ya kandokando ya Ziwa Viktoria, na kijana anayeiweza hakosi riziki. Pili, ni somo linaloonyesha waziwazi tofauti kati ya kumfundisha mwanafunzi kutenda na kumfundisha kuamua. Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, walimu wa Tanzania wamehimizwa kuunganisha darasa na kazi. Lakini kazi isiyotanguliwa na fikra ni jasho tu, haiwi elimu.

Jambo moja ndilo msingi wa somo lote, na mwalimu hana budi kulirudia mpaka likae: mashine ya kung'arisha haiongezi kitu chochote juu ya gari. Hupunguza. Kila ng'aro inayopatikana imelipiwa kwa sehemu ya rangi ambayo haitarudi.

Mambo ambayo mwalimu ayajue kwanza

Gari lililopakwa rangi kiwandani lina matabaka kadhaa. Juu ya bati ipo rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe tunayoiona, na katika magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1980 na kuendelea, juu yake lipo tabaka la vanishi isiyo na rangi. Matabaka yote kwa pamoja aghalabu huwa na unene wa baina ya mikroni 100 na 180. Mikroni 1,000 ni milimita moja. Vanishi peke yake mara nyingi haizidi mikroni 50, yaani ni nyembamba kuliko unywele wa kawaida wa binadamu. Hilo ndilo ghala lote analoruhusiwa fundi kuchotea.

Magari ya zamani zaidi, kama vile Peugeot 504 na Land Rover zilizokuwa magari ya kazi katika miaka ya 1970, mengi hayana vanishi. Rangi yake ni tabaka moja linalopigwa na jua moja kwa moja, na likichakaa hugeuka kuwa unga kama wa chaki. Namna ya kutambua ni rahisi: sugua mahali padogo palipojificha kwa kitambaa cheupe chenye dawa kidogo. Kitambaa kikishika rangi ya gari, gari halina vanishi, au vanishi imekwisha. Kikibaki kama kilivyo, vanishi bado ipo.

Inafaa pia mwalimu aeleze sababu za uharibifu kutokana na mazingira ambayo mwanafunzi anayafahamu. Mwanza ipo takribani nyuzi 2½ kusini ya Ikweta, mita zipatazo 1,140 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo jua lake ni kali na mwanga wake huvunja rangi polepole. Wadudu wadogo wa ziwani, wale waonekanao kwa mbali kama wingu la moshi juu ya maji, hukwama mbele ya gari na kuacha madoa wasipooshwa mapema. Kinyesi cha ndege hula rangi. Maji yaliyoachwa yakauke juani huacha alama nyeupe za chumvichumvi.

Lakini adui mkubwa ni yule asiyeshukiwa. Mji wa Mwanza umejengwa juu ya miamba ya graniti, na vumbi la graniti lina chembe za kwatzi. Katika kipimo cha Mohs, ambacho hupima ugumu wa mawe kuanzia 1 hadi 10, kwatzi hupata 7, ilhali kioo cha dirisha hupata kama 5½. Mtu anayefuta vumbi hilo kwa kitambaa kikavu kila asubuhi analipiga gari lake msasa. Ile mikwaruzo myembamba inayozunguka kama utando wa buibui gari linapotazamwa juani haikuletwa na barabara. Imeletwa na mkono uliokusudia kusafisha.

Madhumuni ya somo

Mwishoni mwa somo mwanafunzi aweze:
(a) kutambua aina ya dosari na kueleza chanzo chake;
(b) kuamua kama dosari hiyo inatibika kwa mashine, inapunguzika tu, au haitibiki;
(c) kung'arisha sehemu ndogo kwa njia salama;
(d) kumweleza mwenye gari ukweli wa kazi iliyofanyika.

Vifaa

Boneti mbili au tatu kuukuu kutoka kwa wauza vyuma chakavu, mashine ya kung'arisha, pedi za sponji za aina tatu, ngumu, ya wastani na laini, dawa ya kukatia na dawa ya kumalizia, tepu ya karatasi, vitambaa laini na safi, spiriti, taa ya mkononi, sabuni ya kuoshea gari na ndoo mbili, miwani ya kukinga macho na barakoa. Chuo kikiwa na kipimo cha unene wa rangi, ni vizuri. Kisipokuwa nacho, sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa itasaidia: pale inaposhika kwa unyonge pana uwezekano kwamba chini ya rangi pamejazwa pati. Hata hivyo mwalimu awatahadharishe wanafunzi kwamba sehemu kubwa ya bodi ya Land Rover za zamani ni aluminiamu. Hapo sumaku haishiki kabisa, na si kwa sababu ya pati.

Zipo mashine za aina mbili. Ya kwanza huzungusha pedi katika mhimili mmoja. Hukata haraka, hupasha joto haraka, na huunguza haraka. Ya pili huzungusha pedi na wakati huohuo kuitikisa katika duara dogo. Kazi yake ni ya taratibu lakini husamehe makosa ya mkono mchanga. Tunashauri mwanafunzi aanze na hii ya pili. Ikiwa chuo kina ile ya kwanza tu, mwendo uwe wa chini na masomo yote ya mwanzo yafanyike juu ya boneti chakavu.

Hatua za somo

Hatua ya kwanza: kutazama bila kugusa. Mwalimu aweke boneti mbele ya darasa, aiangazie taa kutoka pembeni, na awaulize wanafunzi. Mazungumzo yaweza kwenda hivi:

Mwalimu: Mnaona nini?
Mwanafunzi: Mikwaruzo, Mwalimu.
Mwalimu: Yote ni sawa? Pitisha ukucha juu ya huu, kisha juu ya huu.
Mwanafunzi: Huu wa kwanza ukucha unateleza. Huu wa pili unakwama.
Mwalimu: Tukitaka huu wa pili utoweke kabisa, tutafanya nini?
Mwanafunzi: Tutausugua mpaka uishe.
Mwalimu: Mkwaruzo ni shimo. Shimo husuguliwa likaisha?

Swali hilo la mwisho lisijibiwe na mwalimu. Awape wanafunzi muda, wachore ubaoni tabaka la vanishi na bonde la mkwaruzo ndani yake, mpaka mmoja wao aone kwamba shimo haliondoki isipokuwa ardhi yote iliyolizunguka ishushwe mpaka usawa wa chini ya shimo. Mwanafunzi aliyeligundua hilo mwenyewe hatalisahau mashine ikiwa mkononi.

Hatua ya pili: hesabu. Tuseme vanishi ina mikroni 40 na mkwaruzo una kina cha mikroni 6. Ukiondolewa wote, zitabaki 34. Tuseme tena kwamba fundi aliyetangulia alikwisha kuondoa 10. Zitabaki 24. Je, mtu wa tatu atabakiziwa nini? Mwalimu akumbushe kwamba kipimo hupima unene wa matabaka yote kwa pamoja. Hakisemi vanishi peke yake ni kiasi gani. Aidha, dawa inayozuia mwanga wa jua imo ndani ya vanishi hiyo hiyo, na hupungua kadiri unene unavyopungua. Hivyo gari lililong'arishwa kupita kiasi leo ndilo litakalobabuka mapema kesho. Mara nyingi uamuzi bora ni kuondoa mikroni 2 au 3, kulainisha kingo za mkwaruzo ili usishike mwanga, na kuuacha uliobaki mahali pake.

Hatua ya tatu: kuosha na kuandaa. Gari lioshwe kwa maji mengi, ndoo moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudishwe juu ya rangi. Kazi hii ifanyike uani mwa karakana, kamwe si ufukweni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka ukingo wa ziwa dhidi ya shughuli zinazoweza kuyadhuru mazingira, na mafuta na dawa za gari ni miongoni mwa madhara hayo. Baada ya kukausha, ncha zote, mistari ya bodi na mipira ya madirisha ifunikwe kwa tepu. Mwalimu aulize kwa nini. Jibu lipo katika fizikia ya kidato cha kwanza: kani ileile ikitua juu ya eneo dogo, shinikizo huwa kubwa, na kwenye ncha ndipo rangi ilipo nyembamba zaidi.

Hatua ya nne: mraba wa majaribio. Mwanafunzi achague mraba wenye upande wa sentimita 40 hivi, kivulini, bati likiwa la baridi. Aanze na pedi laini na dawa ya kumalizia, yaani silaha ndogo kuliko zote. Aweke dawa kidogo, aieneze kabla ya kuwasha mashine, ashike pedi ikiwa bapa, asogee polepole kwa mistari inayopandana nusu kwa nusu, mara nne au tano. Waya wa umeme upite begani, mbali na pedi. Kila baada ya mpito aguse bati kwa kiganja. Likiwa la moto hata kiganja kisivumilie, asimame. Kisha afute, aangaze taa, aamue. Dosari ikiwa imepungua vya kutosha, hiyo ndiyo dawa ya gari zima. Isipopungua, ndipo apande ngazi moja tu.

Katika rangi isiyo na vanishi, pedi itashika rangi ya gari. Mwanafunzi asishtuke, lakini aisafishe pedi mara kwa mara. Rangi nyingi za zamani za njano na nyekundu zilitiwa madini ya risasi, ambayo ni sumu. Kwa hiyo barakoa ni lazima, na vumbi lifutwe kwa kitambaa cha maji, lisipeperushwe.

Hatua ya tano: kuuthibitisha ukweli. Dawa nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo kwa muda. Gari hung'aa jioni, likaoshwa mara mbili, na utando wa buibui ukarudi. Kwa sababu hiyo mraba ufutwe kwa spiriti iliyopunguzwa kwa maji kabla ya kuhukumiwa, baada ya kuijaribu spiriti hiyo mahali palipojificha. Kinachobaki baada ya spiriti ndicho kazi. Kilichoondoka kilikuwa pambo. Baada ya kuthibitisha, ipakwe nta ya kukinga.

Visivyotibika

Mwalimu atenge muda wa kutosha kwa fungu hili, kwani hapa ndipo mafundi vijana hupotea. Vanishi iliyobabuka na kuchanika haitibiki kwa mashine; kingo zake zitazidi kupasuka. Mkwaruzo uliofika kwenye rangi ya msingi au bati hautibiki. Mahali palipokwisha kuonekana wekundu au weupe wa rangi ya msingi kwenye ncha hapaguswi tena. Dawa ya hayo ni kupaka rangi upya, au kuyaacha.

Na hapa kuna swali la maadili, wala si la ufundi pekee. Gari kuukuu mara nyingi ndilo mali kubwa ya mwenyewe: dereva wa teksi, mfanyabiashara wa samaki, mwalimu mstaafu. Boneti ikiunguzwa, gharama ya kuipaka upya yaweza kuwa kubwa kuliko malipo yote ya kung'arisha. Naye mwenye gari, kwa kutojua, ndiye anayesisitiza: "Sugua tu, fundi, mpaka liwe jipya." Mwanafunzi afundishwe kujibu kwa heshima na kwa uthabiti: "Mzee, likiwa jipya leo, mwakani halitakuwa na rangi. Tuliache hapa." Zoezi la kuigiza mazungumzo hayo darasani, wanafunzi wakibadilishana nafasi ya fundi na ya mwenye gari, lina thamani sawa na saa nzima ya kushika mashine.

Tathmini

Ikiwa mtihani utatoa alama kwa ng'aro pekee, wanafunzi watakata rangi mpaka chini ili waipate. Tunapendekeza alama 100 zigawanywe hivi: utambuzi na uamuzi, 40, maandalizi na usalama, 20, matumizi ya mashine, 20, maelezo kwa mwenye gari, 20. Mwalimu atie katika mtihani sehemu moja isiyofaa kuguswa. Mwanafunzi atakayeiacha na kutoa sababu apate alama zote za sehemu hiyo. Atakayeing'arisha, hata ikang'aa, asipate hata moja.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba somo la kung'arisha gari lina kemia, fizikia, hesabu, sheria na maadili ndani yake, na kwamba halihitaji karakana ya fahari. Boneti chakavu, taa na maswali mazuri yanatosha kulianza. Kuiendesha mashine, mwanafunzi aweza kujifunza kwa juma moja. Kuizima kwa wakati wake ndiko kunakohitaji mwalimu.