Mtoto Anapozubaa: Mtengano wa Nafsi na Kiwewe cha Utotoni

Mtengano wa nafsi ni hali ya akili kutenganisha mambo ambayo kwa kawaida huenda pamoja: hisia, kumbukumbu, mwili, na ule utambuzi wa mtu kwamba yeye ni yeye. Mfaransa Pierre Janet aliichambua katika kitabu chake cha mwaka 1889, akaihusisha na misukosuko iliyowapata wagonjwa wake.

Mtu mzima akivamiwa huweza kupigana au kukimbia. Mtoto wa miaka mitano anayeteswa au kunajisiwa na mtu wa nyumbani hana pa kukimbilia. Pengine anayemuumiza ndiye anayemlisha. Mwili hubaki palepale, akili ikaondoka. Watu wazima waliopitia hayo husimulia kwamba walijiona kama wako darini wakimtazama mtoto mwingine akiumizwa, sauti zikisikika kwa mbali na mwili umekufa ganzi. Kwa wakati ule, hiyo ilikuwa kinga.

Kinga hiyo huzoeleka. Mlango ukibamizwa, au harufu fulani ikipita, akili huondoka tena hata pasipo hatari. Darasani mtoto hukodolea macho ukutani, haitiki akiitwa. Jana alijua kujumlisha, leo hajui. Huitwa mtukutu au mwongo, akachapwa, na fimbo humrudisha kulekule alikokimbia. Kuna pia kifafa cha kuzubaa, kinachofanana na hali hii lakini hudumu sekunde chache tu. Kipimo cha umeme wa ubongo husaidia kuvitofautisha. Wengine husema ni pepo. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, ulioanza kutumika 2022, hauhesabu kuwa ugonjwa kupandwa na pepo kulikokubalika katika mila au dini ya jamii. Huhesabu kule kunakomjia mtu bila hiari na kumvurugia maisha.

Tiba huanza na usalama, kwa kuwa ushauri nasaha haumfai sana mtoto anayerudi kila jioni kwa mtesaji wake. Kumbukumbu huguswa baadaye, taratibu, na mtaalamu. Kumhoji mtoto tena na tena humzamisha zaidi. Akizubaa, aitwe jina kwa upole, akanyage sakafu, ataje vitu anavyoviona. Asishikwe ghafla. Nchini Kenya na Tanzania, taarifa za ukatili dhidi ya watoto hupokelewa bila malipo kwa simu namba 116.