Mzazi Mgeni na Shule ya Mtoto Wake

Somo: Matendo 14:8–18, 16:1–3, 2 Timotheo 1:5, 3:14–15.

Ndugu wapenzi, nawaomba, hasa ninyi waalimu wa dini, msome kwanza Maandiko yaliyotajwa hapo juu, ndipo muendelee. Maana jambo la mwezi huu laonekana kuwa la shule tu, kumbe ni la usharika.

Wageni ni wengi kwetu, wala si wa jana. Reli ya Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911 ilifungua njia kwa watu wa mbali. Tangu miaka ya 1930 shamba la miwa la Arusha Chini limewaita watu wa makabila mengi, na mashamba makubwa ya kahawa chini ya Kibosho na Machame vilevile. Walikuja kutafuta kazi, wakaoa, wakazaa, na watoto wao huketi darasani pamoja na wetu. Nasi tumezoea kuwanena hivi: “Wale hawajali elimu. Mkutano wa wazazi ukiitwa, huwaoni.”

Neno hilo mimi nami nililisema, tena mbele ya watu. Katika darasa la kipaimara palikuwa na kijana ambaye baba yake ni mtu wa Singida, kibarua wa kahawa. Nikapata habari kwamba baba huyo ameitwa shuleni mara tatu asiende. Jumapili, baada ya ibada, nikamkemea mbele ya wazee. Hakujibu neno. Juma lile lile nikapita nyumbani kwake jioni, nikamkuta ameketi juu ya kigoda, kijana akimsomea daftari kwa sauti. Baba hajui kusoma, lakini kila baada ya maneno machache humwuliza mwanawe, “Maana yake nini? Nieleze kama ungemweleza bibi yako.” Kijana akishindwa, baba husema, “Basi hujaelewa. Kesho ukamwulize mwalimu.”

Nikamwuliza kwa nini haendi mkutanoni. Akasema, “Baba Mchungaji, nilikwenda mara ya kwanza. Maneno yalianza kwa Kiswahili, yakamalizika kwa Kichagga. Wenzangu walipoinua mikono, nami niliinua, nisijue nimekubali nini. Baadaye nikadaiwa fedha. Na kuacha kazi siku moja ni kupoteza ujira wa siku ile.” Niliona haya. Jumapili iliyofuata nilimwomba radhi pale pale nilipomkemea.

Sasa tuutazame mji wa Listra. Watu wa huko walipoona kiwete ameponywa, walipaza sauti kwa Kilikaonia, wakamwita Barnaba Zeu na Paulo Herme. Ndipo alipokaa Eunike, mwanamke Myahudi aliyeolewa na Myunani. Luka ataja sinagogi la Ikonio, bali la Listra halitaji. Yaelekea mama huyu hakuwa na watu wengi wa kwao wa kumsaidia. Mtoto alisikia lugha moja njiani, nyingine kwa baba, na habari za Musa na manabii kwa mama na bibi. Hata hivyo Paulo aandika kwamba Timotheo aliyajua Maandiko tangu utoto, na kwamba imani ilikaa kwanza ndani ya Loisi na Eunike. Hatuambiwi kwamba wanawake hao walikuwa na elimu. Baba hatajwi katika malezi hayo. Sitaki kumhukumu, lakini akina baba na walifikiri hilo wenyewe.

Tena Luther mwenyewe alikuwa mtoto wa mhamiaji. Baba yake, Hans, alizaliwa Möhra katika nyumba ya wakulima, na desturi ya huko ilimpa shamba mtoto wa mwisho. Hans akatoka. Alikwenda Eisleben, ambako Martin alizaliwa mwaka 1483, na mwaka uliofuata akahamia Mansfeld kutafuta riziki katika machimbo ya shaba. Akampeleka mwanawe shule ya Mansfeld, kisha Magdeburg, kisha Eisenach, na mwaka 1501 chuo kikuu cha Erfurt. Alitaka awe mwanasheria, naye alikasirika sana Martin alipoingia utawa mwaka 1505. Maana mzazi aliyejinyima kwa ajili ya shule mara nyingine hudhani amenunua na maisha ya mtoto. (Kosa hilo halikubaki Ujerumani.) Mwaka 1524 Martin aliwaandikia wenye mamlaka wa miji ya Ujerumani wajenge shule, na mwaka 1530 akaandika mahubiri marefu kuwasihi wazazi wasiwaondoe watoto shuleni.

Mwasikia habari ile ya shamba? Kwetu nako, kwa desturi, kihamba huwaendea mtoto wa kwanza na wa mwisho. Wa katikati hutafuta pengine. Wana wetu ni wageni Dar es Salaam, Mwanza, hata Marekani, ambako mara nyingi mtoto ndiye amfasiriaye mzazi wake maneno ya mwalimu. Je, twapenda waitwe wazembe?

Januari 2016 serikali iliondoa ada katika shule zake, kuanzia msingi hata kidato cha nne. Wako waliodhani kwamba mzazi naye ameondolewa pamoja na ada. Sivyo. Lakini tusimtwike mgeni peke yake. Mtoto wa mlimani ana babu, shangazi na baba mdogo karibu. Akitoroka shule, ukoo wote wajua kabla ya jioni. Katika nyumba za vibarua hakuna ukoo. Bruno Gutmann, aliyefanya kazi kwetu hata mwaka 1938, alitaka usharika usimame juu ya ukoo, ujirani na rika. Namheshimu, ila ukoo haumjui mgeni. Ujirani wamjua.

Basi mzee wa kanisa wa mtaa na afuatane na mzazi mgeni kwenda shuleni, wakae benchi moja. Mwalimu wa dini na aiombe kamati ya shule mkutano uwe baada ya saa za kazi, tena kwa Kiswahili hata mwisho. Na barua ya kumwita mzazi asiyejua kusoma isipelekwe kwa mkono wa mtoto peke yake, kwa kuwa mtoto ndiye atakayemsomea, naye aweza kuisoma apendavyo.

Yule baba wa Singida siku hizi huenda pamoja na mzee jirani yake. Mara ya kwanza aliuliza swali moja tu: fedha ile aliyodaiwa ilinunua nini? Wenyeji wakatazamana, maana wengi wao nao hawakujua, na mwenyekiti akaahidi kuleta hesabu.