Mahameli au tarizi? Maneno mawili mbele ya nguo za Wakuba

Katika vitabu vya Kifaransa, nguo mashuhuri za Wakuba huitwa velours du Kasaï. Mwanafunzi wa tafsiri huandika mara moja "mahameli ya Kasai". Je, neno hilo linafaa?

Tutazame kazi yenyewe. Kwa Wakuba wa eneo la Mweka, wanaume hutoa nyuzi katika majani machanga ya mti wa rafia na kuzifuma. Kwa kuwa nyuzi hazisokotwi, urefu wa kitambaa haupiti urefu wa jani. Kisha zamu ni ya wanawake. Mtarizi hupitisha uzi kwa sindano chini ya nyuzi za kitambaa, bila kufunga fundo, halafu huukata kwa kisu, ncha zikabaki zimesimama kama manyoya mafupi. Nguo moja huweza kuchukua miezi mingi.

Mahameli hupata manyoya yake wakati wa kufumwa. Manyoya ya Kasai hutoka kwenye sindano. Basi anayeandika "mahameli" anaeleza sura ya nguo, lakini anaifuta kazi ya mwanamke. Napendekeza "tarizi ya Kasai".

Neno la pili ni "kiraka". Kitambaa cha rafia ni kigumu. Ili kilainike hutwangwa, na hapo huweza kutoboka. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba vipande vilishonwa kwanza kuziba matundu hayo, baadaye vikawa pambo, hata pasipo tundu, katika sketi ndefu za ngoma na za mazishi. Lakini "kiraka" cha Kiswahili kinabeba ufukara: Watanzania wakisema katiba imetiwa viraka, hawaisifu. Wakorea wana kitambaa cha kufungia vitu, jogakbo, ambacho wanawake wa enzi ya Joseon (1392–1910) walikiunga kwa mabaki ya nguo. Jogak maana yake ni kipande tu. Jina halina aibu ndani yake.

Kwa hiyo tuseme "kiraka" pale penye tundu, na "kipande" pale penye urembo. Na nani atatuambia lipi ni lipi? Mshonaji mwenyewe. Hapa Lubumbashi, mji wenye watu wengi waliotoka Kasai, hatuna udhuru wa kufungua kamusi kabla ya kuwauliza akina mama.